Sifa za Mkono Usioshika

Watu husifu kamera, na wakichoka na kamera husifu lenzi. Taa nayo ina wapambe wake. Ni nani aliyewahi kuutolea neno jema ule mkono wa chuma wenye viungo, unaobanwa kwenye stendi au ukingoni mwa meza ili ushike taa ndogo, maikrofoni au skrini mahali ambapo hakuna mwanadamu angekubali kusimama saa nzima ameinua mkono? Leo nausifia mimi.

Adabu yake haina mfano. Utwishe taa, ukaze, kisha nenda ukampange bibi harusi kitini. Ukirudi utaukuta umeinama. Haukuanguka kwa kishindo. Umeinama taratibu, kwa unyenyekevu, mpaka nuru iliyokuwa ya uso inamulika viatu. Wapo wanaouita huo ubovu. Mimi nauita heshima mbele ya wageni, na nashuku kwamba nusu ya picha za viatu vya maharusi tunazoziita ubunifu zilianzia hapo.

Waliosoma watasema ni hesabu ya wenzo tu: kilo 1 ikiwekwa mwisho wa mkono wa sentimita 50, hukitesa kiungo cha chini sawasawa na kilo 5 zilizo sentimita 10 kutoka hapo. Ni kweli. Lakini boksi hutaja uzito, likanyamazia umbali, na mkono wenyewe ni msiri.

Binamu yake, taa ya mezani yenye springi, amepata sifa tele. Mwingereza George Carwardine, mhandisi wa springi za magari, aliipatia hataza mwaka 1932: springi hubeba uzito, taa hubaki pale ulipoiacha. Ukoo huo wa taa umependwa hata studio ya Pixar ikautengenezea filamu fupi, Luxo Jr., mwaka 1986. Mkono wetu hauna springi wala filamu. Mtaji wake ni msuguano peke yake, chuma kwa chuma, pamoja na nguvu za kiganja chako. Ukishika, umeshika kwa jasho.

Wa kusifiwa zaidi ni ule unaokazwa kwa kishikio kimoja tu, kilichopo kwenye kiwiko. Ndani ya kila nusu ya mkono mmefichwa ufito. Ukizungusha kishikio, fito hizo husukuma gololi za ncha zote mbili, na kiwiko nacho hukaza: viungo vitatu kwa mzunguko mmoja. Sijaona serikali yenye umoja wa namna hiyo. Na ukilegeza kidogo, kwa nia njema kabisa ya kurekebisha ncha moja, baraza zima linajiuzulu papo hapo, taa inatua kwenye paji la uso la msaidizi, na kidole chako kimebaki kiwikoni.

Skrubu yake ni ya robo inchi, ile ile ya chini ya kamera, kwa hiyo hukubaliana na vifaa vingi. Visivyokubaliana nayo ni vya tatu ya nane ya inchi, na kile kijipete cha kuviunganisha hupotea Jumamosi asubuhi, kikaonekana Jumatatu katika suruali iliyokwisha kufuliwa.

Isitoshe, unaleta ajira. Tuliununua ili tupunguze msaidizi. Sasa msaidizi anaushika mkono, mkono unaishika taa, na kila mmoja ana shughuli. Katika nchi zetu, zenye vijana wengi wasio na kazi, chombo cha aina hii kilistahili kusamehewa ushuru bandarini.

Basi ukiuona umeinama ukumbini, usiuseme vibaya mbele za watu. Ishike taa kwa mkono mmoja ndipo ulegeze kwa mwingine, ukunje kiwiko ili taa isogee karibu na stendi, na uifunge taa kwa waya wa usalama, maana chini yake wamekaa wakwe.