Shangazi Magego Akujibu: Usafi Unaopinda Ritena

Barua za wiki hii zimetoka Migori na Homa Bay, na zote zinahusu ritena, ile plastiki ya kushikilia meno ya mtoto baada ya waya kutolewa. Nimezisoma hadi mwisho. Humu hamna mzazi mchafu hata mmoja, na hapo ndipo shida inapoanzia.

*Shikamoo shangazi! Binti yangu ana umri wa miaka 13. Alivaa waya miaka miwili, zikatolewa, akapewa ritena ya plastiki inayopitisha mwanga. Likizoni alienda kwa nyanya yake huku Karungu. Mhudumu wa afya ya jamii alikuwa amepita akionya kuhusu kipindupindu na kuhimiza watu wachemshe maji. Nyanya akaitumbukiza ritena katika sufuria, ikachemka na maji. Sasa haiingii mdomoni. Nimlaumu nani?*
*Mama Hasira, Karungu*

Usimlaumu nyanya. Aliambiwa achemshe maji, akaongeza bidii. Plastiki hiyo ilipashwa moto ikalainika, ikavutwa juu ya umbo la plasta lililotokana na meno ya binti yako, ikapoa na kulishika umbo hilo. Ukiipasha tena inalegea na kwenda itakako. Wala si lazima maji yatokote. Maji ya moto ya kuoshea vikombe yanatosha kuiharibu, na hata dashibodi ya matatu iliyoegeshwa juani stendi ya Migori.

Mhudumu wa afya alisema kweli. Maji ya ziwa au ya kisima yachemsheni, kisha yaacheni yapoe kabisa, ndipo msuuzie ritena. Iliyopinda usiisukume kwa kidole gumba eti itakubali, kwa sababu itaumiza ufizi na kusogeza meno kusikotakiwa. Mpigie daktari kesho asubuhi, usingoje shule zifungwe tena. Nyuzi zinazolishika jino kwenye mfupa zilivutwa miaka miwili, na bado zinatamani kurudi zilikotoka. Mfupa mpya nao huchukua miezi kukomaa. Meno hayangoji nauli ya Kisumu ipatikane.

*Shangazi, mwanangu hupenda omena kupindukia, na sasa ritena yake inanuka. Nimeiloweka kwenye Jik usiku kucha, nikaisugua kwa dawa ya meno, mwishowe kwa waya wa kusugulia sufuria. Imefifia na bado inanuka. Nifanyeje?*
*Baba Msafi, Mbita*

Omena hawana hatia. Kwanza niambie ritena ilikuwa ikifanya nini mdomoni wakati wa kula. Hutolewa kabla ya chakula, na kabla ya kinywaji chochote kisichokuwa maji. Soda na chai yenye sukari zikinaswa chini yake, jino linaoga sukari mchana kutwa.

Harufu ni ya bakteria, nawe umewajengea nyumba. Kila mkwaruzo wa ule waya ni chumba cha kulala. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugua, ambazo jino linazistahimili lakini plastiki laini haiziwezi. Jik nayo hula vile vyuma vidogo ambavyo baadhi ya ritena huwa navyo na kuidhoofisha plastiki, kisha mtoto anaivaa.

Tafuta mswaki laini ambao ni wa ritena peke yake. Asubuhi na jioni, mimina maji baridi kwenye karai, weka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na usugue pole pole upande wa ndani, wa nje, na hasa pale chuma kinapozama kwenye plastiki, maana uchafu hupenda kujificha hapo. Suuza hadi utelezi uishe. Kama kuna utando mweupe mgumu, hayo ni madini ya mate yaliyoganda. Changanya siki nyeupe na maji kiasi sawa, iloweke robo saa, kisha mswaki. Na kijana apige mswaki meno yenyewe. Ritena safi juu ya ugali wa jana ni kazi bure.

*Shangazi, mtoto alitafuna muwa akiwa na ritena, chuma kikakatika. Fundi wa jua kali hapa Awendo anasema atakichomelea kwa mia mbili. Nimpe?*
*Mkulima wa Miwa*

Mpe geti lako achomelee. Chuma kile kikipinda kwa unene wa ukucha tu kitasukuma jino, na fundi wako hana ramani ya kinywa cha mtoto. Gundi ya dukani pia usiiguse. Vipande vyote viweke kwenye kikasha uvipeleke kwa daktari.

*Mwanangu, mimi ni nyanya wa hapa Kendu Bay, nimepita miaka 80. Meno yangu sita ya mbele, taya la chini, yaling'olewa kwa mila yetu nikiwa msichana na sikulia. Juzi mwanangu ameuza ng'ombe ili meno ya mjukuu yanyooshwe, na sasa nasikia kuna plastiki ya kuyachunga yasitembee. Tumekuwa watu wa aina gani?*
*Nyanya wa Pengo*

Shikamoo nyanya. Aliyekung'oa meno alimaliza kazi yake siku hiyo hiyo, maana jino lililong'olewa halitoroki usiku kurudi mahali pake. Wapo wazee walioeleza kwamba pengo hilo lilikuwa la kumpitishia uji mgonjwa wa pepopunda aliyefunga taya. Wengine walisema ni alama ya Mjaluo aliyekua. Sitaamua kesi hiyo. Ninachojua ni kwamba hukulia kwa sababu watu walikuwa wanakutazama, na baadaye wakakusifu.

Mjukuu wako hana watazamaji. Miezi ya kwanza ataivaa karibu saa zote, kisha usiku, kwa miaka kadiri daktari atakavyosema, bila kigelegele hata kimoja. Ndiyo maana huiacha chini ya mto. Basi nakupa kazi. Kila jioni muulize, "Iko wapi?" Ikiwa haiko mdomoni, iwe kwenye kikasha chake chenye matundu. Isifungwe kwenye tishu, kwa sababu tishu hutupwa pamoja na takataka, na isiachwe kwenye kigoda, kwa sababu mbwa wenu anapenda harufu ya mate na ataitafuna kabla hujamfikia. Akikujibu kwa kununa, mwonyeshe pengo na umwambie hukulia.

*Shangazi, tulikuwa kwenye feri ya kwenda Luanda Kotieno, mtoto akaitoa ale mandazi, ikateleza ikaingia ziwani. Kuna dua?*
*Abiria*

Ipo, lakini iombee pesa za ritena mpya. Mwulize daktari kama bado ana lile umbo la plasta au picha za vipimo, kwa sababu kama meno hayajasogea huenda asihitaji kupima upya. Na safari ijayo kikasha kiwe mkononi kabla mandazi hayajafunguliwa.

*Shangazi, kifungua mimba wetu amemaliza kidato cha nne na daktari amemwambia ritena sasa avae mara moja moja. Mdogo wake yuko gredi ya 8 na meno yake yamepandana. Tumeiosha vizuri kabisa jinsi ulivyoshauri. Je, anaweza kuirithi?*
*Mama Mwekevu, Rongo*

Hapana. Ritena haianzi kazi ya kupanga meno, hushikilia yaliyokwisha kupangwa, na hiyo inajua meno ya mtu mmoja tu duniani. Mdogo mpeleke kwa daktari wake mwenyewe. Ritena mrudishie kaka yake, ambaye amesikia "mara moja moja" na keshaanza kusikia "basi". Sweta la shule linarithiwa, hilo mpe.