Sifuri Nukta Nyama

Bucha la mtaani kwetu limestaafisha mizani ya mawe. Siku hizi kuna mizani ya umeme yenye namba nyekundu, na muuza nyama anaifutafuta kama mtoto wa kwanza. Jumamosi moja niliagiza nusu kilo. Akakata, akaweka, namba zikacheza kidogo kisha zikatulia: 0.450.

"Kijana, hapo bado," nikamwambia. "Nusu ni 0.5."

"Mzee wangu, hebu soma mwenyewe. Wewe unataka nukta tano. Hii hapa ni nukta mia nne hamsini. Nimekuongezea na bado hujashukuru!"

Akawageukia wateja waliokuwa nyuma yangu, akaomba ushahidi. Mama mmoja mwenye kikapu akasema kweli, mia nne hamsini ni nyingi mno ukilinganisha na tano. Kijana wa bodaboda akasema hesabu anazijua vizuri ila ana abiria anamsubiri. Nikabaki peke yangu kuzitetea gramu zangu hamsini.

Nataka kumtendea haki yule bwana: hakuwa mwizi. Wezi wa mizani nawafahamu, na hao hawabishani, wanafunga nyama haraka kwenye gazeti. Yeye aliamini anachokisema. Aliichukulia nukta kuwa ukuta, akaona upande wa pili wa ukuta kuna namba nyingine nzima inayojitegemea, kisha akalinganisha 450 na 5. Kushoto mwa nukta angekuwa sahihi kabisa, maana huko mwenye tarakimu nyingi ndiye mkubwa. Kulia ndiko mambo yanakogeuka. Nafasi ya kwanza ni ya sehemu za kumi, ya pili ni ya sehemu za mia, ya tatu ni ya sehemu za elfu, na kila ukisogea hatua moja thamani inagawanywa kwa kumi. Zile 4 na 5 zikishakutana kwenye nafasi ya kwanza, mchezo umekwisha. Hata ukipanga tisa mpaka mlangoni, 0.4999 haitafika nusu. Na ile sifuri ya mwisho kwenye 0.450 haiongezi hata unyoya.

Maelezo hayo yote niliyatoa pale pale buchani, kwa sauti, na hayakumwingia mtu. Kilichonisaidia ni kuchukua kalamu na kuandika 0.500 juu ya gazeti lake la kufungia, chini yake 0.450.

"Mia tano, na mia nne hamsini," akasoma. "Sasa si ungesema mia tano tangu mwanzo?"

Akaongeza kipande. Chote mfupa.

Wanaoendesha riadha wanaijua siku nyingi dawa hiyo ya kusawazisha tarakimu. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 pale Kasarani, Septemba 2021, kwa sekunde 9.77, akaifuta rekodi ya Afrika ya Akani Simbine ya 9.84, baba yangu mdogo alifuatilia bila shida, kwa sababu kila muda una tarakimu mbili baada ya nukta. Laiti wangekuwa wanaandika 9.80 kwa kifupi, 9.8, baba mdogo angemvisha medali mtu wa 9.8, kwa hoja kwamba nane ni ndogo kuliko sabini na saba.

Desimali zenyewe ni za zamani. Al-Uqlidisi wa Dameski alizitumia katika karne ya 10. Ulaya zilienea baada ya Simon Stevin kuchapisha kijitabu chake *De Thiende* mwaka 1585, na Stevin hakutumia nukta. Kila tarakimu aliifuatishia namba ndani ya duara, kuonyesha imekaa nafasi ya ngapi. Iliudhi macho, lakini muuza nyama wangu asingepata pa kubishia. Watu wakaona kazi ni nyingi, wakaishia kwenye nukta, alama ambayo hata inzi wa buchani anaweza kuiweka. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura, waliosomeshwa kwa Kifaransa, hutumia mkato: kilo 1,250 kwao ni kilo moja na robo, kwetu ni zaidi ya tani. Mwenye mzigo bandarini na asome mara mbili.

Kubwa zaidi ni saa. Shemeji yangu analipwa kwa saa, shilingi 2,000, kwenye ghala moja nisilolitaja. Alifanya kazi saa saba na nusu, akaandika daftarini 7.30. Karani akaiingiza kwenye kompyuta kama ilivyo. Kompyuta haina habari na saa ya ukutani: kwake 7.30 ni saa saba na sehemu tatu za kumi, yaani dakika 18. Badala ya 15,000 ikatoka 14,600. Kwa siku 26 za mwezi, 10,400 zimeyeyuka. Shemeji akaamini karani anamla. Karani akaamini shemeji hatosheki. Ukoo mzima ukakaa kikao, chai ikanywewa, ikaamuliwa kwamba saa saba na nusu iandikwe 7.5. Kesho yake shemeji alifanya kazi saa saba na dakika 45, akaandika kwa ujasiri: 7.45. Ilitakiwa 7.75. Safari hii zikaliwa dakika 18, na mwandiko ulikuwa wake.

Jirani naye alimpigia simu fundi wa milango ya chuma: upana mita moja na sentimita tano. Fundi akaandika 1.5. Mlango ulipofika ulikuwa umezidi kwa sentimita 45, na fundi, bila wasiwasi, akashauri ukuta ubomolewe kidogo. Sifuri isiyo na kazi mwishoni mwa 0.450 ndiyo iliyokuwa na kazi yote katikati ya 1.05.

Mlango hukatwa, nyama huongezwa. Dawa ikishamezwa haina fundi. Wahudumu wa afya hufundishwa waandike 0.5 wala si .5, na waandike 5 wala si 5.0, kwa sababu nukta iliyofifia inageuza nusu kuwa tano na tano kuwa hamsini, yaani dozi mara kumi. Ukipewa karatasi ya dawa ya mtoto na kipimo kimeandikwa .5, usione haya kurudi dirishani. Uliza kama ni mililita tano au nusu mililita, kisha umwombe mhudumu aandike sifuri mbele ya nukta.