Yah: Maombi ya Kufungiwa Kizuizi Kwenye Pochi

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Kanuni za Mbio,
Sports Car Club of America.

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimesoma kanuni zenu za injini za Formula Vee na Formula Ford, yale madarasa ya magari ya mbio ya kiti kimoja, kwa hiari yangu na bila amri ya mahakama, na nimetoka humo nikiwa na heshima kubwa kwenu. Sikujua kwamba watu wazima, wanaoshinda kutwa nzima wakitibu meno na kuuza nyumba, wanaweza ikifika jioni wakakaa chini na kubishana mwaka hadi mwaka juu ya bomba la hewa la Volkswagen iliyokoma kutengenezwa. Huku kwetu ubishi wa namna hiyo tumewaachia mashabiki wa Simba na Yanga, nao wana kisingizio: wanabishana juu ya vitu vinavyotembea.

Mtauliza inanihusu nini mimi, mtu wa Dar es Salaam, sina kadi ya uanachama wala gari la kiti kimoja. Inanihusu kwa sababu injini mnazogombania tunazijua. Mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walishinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki kwa Volkswagen 1200, ile tuliyoiita mgongo wa chura. Mwaka 1964 Peter Hughes na Billy Young wakashinda kwa Ford Cortina GT. Injini ya 1200 ndiyo mliyoijengea Formula Vee, na ya Cortina GT ndiyo Waingereza waliyoanzia Formula Ford pale Brands Hatch, Julai 1967. Kwa hiyo nazungumza kama jirani aliyemwona mtoto akikua, kisha akasikia amehamia ng'ambo na siku hizi hapandi gari bila mwanasheria.

Turudi mlikoanzia, maana huenda mmepasahau. Hubert Brundage, muuza Volkswagen wa Florida, aliagiza gari la mfano kwa Enrico Nardi kule Italia. Wazo lilikuwa jepesi: chukua injini, giaboksi, ekseli ya mbele na magurudumu ya gari la bei nafuu kuliko yote mjini, viweke kwenye fremu ya mabomba, kaa katikati, kimbia. Injini ya sentimita za ujazo 1,192 na nguvu za farasi 40. Klabu yenu ikaitambua Formula Vee mwaka 1963. Formula Ford nayo ilianza na masharti ya duka la jumla: bei ya gari zima isizidi pauni 1,000. Emerson Fittipaldi, Niki Lauda na Keke Rosberg wote waliwahi kuendesha Vee kabla ya kuwa mabingwa wa dunia. Uzuri wake ulikuwa huo: ukishindwa, umeshindwa na mtu, hujashindwa na daftari lake la hundi.

Ili unafuu huo usiharibiwe, mkaandika kanuni, na juu ya kanuni zote mkamweka mama yao: kisichotajwa kuwa ni ruhusa ni marufuku. Nakiri sentensi hiyo ni tamu. Kwa sentensi hiyo fundi wetu wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, angeondolewa mashindanoni kabla hajafungua boneti. Yeye akikosa gasketi, anaweka karatasi ngumu ya boksi juu ya chuma, anagongagonga pembeni kwa nyundo ndogo hadi ukingo wa chuma uchore na kukata wenyewe, anatoboa matundu ya bolti kwa ncha ya bisibisi, anapaka grisi, anafunga. Gari linaondoka. Hakuna ibara inayomruhusu, na yeye hajawahi kuitafuta.

Kwenu mambo ni ya kistaarabu. Mbio zikiisha, magari ya mbele yanawekwa chini ya ulinzi. Injini inafunguliwa, hedi inalazwa mezani chali, valvu zikiwa zimefungwa na plagi ikiwa mahali pake. Juu ya chumba cha kuunguzia mafuta kinabandikwa kioo chenye tundu dogo, kimepakwa grisi ukingoni kisivuje. Mkaguzi anashika bureti, ile ile ya maabara ya kemia ya kidato cha nne, na kumimina tone kwa tone hadi kiputo cha mwisho cha hewa kitoke chini ya kioo. Watu wazima wanne wamesimama wameshika viuno, wanasoma mstari wa maji. Mwenye gari hapumui. Nusu ya sentimita ya ujazo ikipungua, ubingwa unahamia kwa jirani. Ninyi mna hata kifaa kinachopuliza hewa kwenye tundu la plagi na kutambua mgandamizo kwa mlio wake, bila kufungua hedi. Siyo masihara, kifaa kipo, na mnakisikiliza kwa makini kuliko mnavyowasikiliza wanachama.

Sasa tufike kwenye manifoldi, kwa maana ndipo uhondo ulipo. Volkswagen 1200 ina kabureta moja tu, imekaa katikati, na hewa yake husafiri kwenye bomba jembamba lililopinda hadi hedi ya kulia na ya kushoto. Kiwandani walilikunja kwa ajili ya mwalimu na mkewe kwenda kanisani, hakuna aliyehangaika kama bomba la leo limepinda sawasawa na la jana. Mafundi wa mbio wakagundua kwamba mabomba hayo, yote halali, yote ya kiwandani, hayafanani ndani. Moja linapitisha hewa zaidi kidogo. Basi mwenye nafasi akanunua kumi, akayapima yote kwenye mashine ya mtiririko wa hewa, akabakiza moja, tisa akayauza kwa wasio na mashine. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Ninyi mkaongeza vipimo vya nje. Wenzenu wakahamia ndani. Injini ya farasi 40 leo inakaribia 60 ikiwa bado, kwa maandishi, ni injini ya kwenda kanisani.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia, Waheshimiwa. Mmelinda chuma kwa uaminifu mkubwa hata kile ambacho chuma kiliwekwa kukilinda kikaondoka kupitia mlango wa nyuma. Kanuni ilisema "cha kiwandani" kwa sababu cha kiwandani kilikuwa rahisi. Beetle ya mwisho ilitoka Puebla, Meksiko, mwaka 2003, na wakati huo injini ya 1200 ilikuwa imeshaondoka siku nyingi kwenye magari ya Marekani. Leo spea orijino ya injini hiyo ni kitu cha kutafutwa kwa tochi, na kikipatikana kina bei ya kitu kilichotafutwa kwa tochi. Neno "cha kiwandani" limebaki lile lile, nalo limegeuka kuwa kinyume chake.

Kila mara mmoja wenu anapoona hilo na kupendekeza spea mpya, vita vinaanza. Kwenye Formula Ford hedi za chuma cha kusubu zilikuwa zinapasuka, na za kubadilishia zikizidi kuadimika. Likaja pendekezo la hedi ya aluminiamu. Ungedhani mtu ameomba kuweka mabawa. Wapo waliosema itapoa vizuri mno. Wapo waliosema ni nyepesi mno. Wapo waliosema, na hawa nawapenda kwa uwazi wao, kwamba wao wana hedi za chuma tatu zilizo nzuri stoo, je, wazipeleke wapi? Mkairuhusu mwisho wa yote. Hedi za stoo hazikuandamana.

Halafu mkafanya ujasiri ambao hata mimi sikuutarajia. Mwaka 2010 mkaikaribisha Honda Fit, injini ya lita 1.5 ya gari la kubebea nyanya, ishindane na Ford ya zamani iitwayo Kent, na darasa likapewa jina Formula F ili mgeni asijione mgeni. Jambo jema: injini mpya, imara, haihitaji kuamshwa kwa dua kila Jumamosi. Ila kwa kuwa ina pumzi nyingi, mkaifunga bamba lenye tundu kwenye njia ya hewa, ipumue kama mzee wake. Na tangu hapo amani haijapatikana. Mwenye Ford ya Kent anasema tundu ni pana. Mwenye Honda anasema anakabwa koo. Ugomvi wenyewe unahesabiwa kwa sehemu za elfu za inchi. Sehemu tatu kati ya hizo ndiyo takriban unene wa unywele. Kwa unene wa unywele watu wameandika barua ndefu kuliko hii.

Nimeyapenda pia majibu yenu, hasa lile fupi la miaka yote: asante kwa barua, kanuni inatosha kama ilivyoandikwa. Waheshimiwa, hata afisa wa ardhi wa huku, aliyebobea katika sanaa ya "njoo kesho", angeomba kuja kusoma kwenu. "Njoo kesho" humwachia mtu tumaini la kesho.

Na asiyeridhika mmemwekea njia. Akimshuku mwenzake, aweke dhamana ya fedha ya kutosha gharama za kufungua injini. Akikutwa sahihi, mshukiwa anaumia. Akikosea, dhamana inakwenda kuifunga upya injini aliyoifungulisha. Haki kabisa. Matokeo yake tu ni kwamba kushuku nako kumekuwa na kima cha chini, na maskini wa gridi inambidi aamini kila anachoona.

Kwa heshima hiyo yote, sasa nawasilisha ombi langu. Mmethibitisha kwamba bamba lenye tundu linaweza kusawazisha injini mbili zisizofanana. Naomba bamba hilo hilo lifungwe kwenye pochi. Mahali pake ni kati ya akaunti ya benki na mlango wa gereji, liwe la chuma cha pua, tundu likaguliwe kwa maikromita kabla na baada ya mbio, na liwe na lakiri ya klabu. Mwenye hela nyingi apewe tundu dogo. Mwenye hela kidogo aachiwe wazi, hakuna cha kuzuia. Natambua magumu yake. Ndani ya mwezi mmoja atatokea mtu mwenye akaunti mbili akiuliza kama kanuni inahesabu ya mke. Mwingine atagundua kwamba tundu linapimwa kwa kipenyo na halisemi chochote kuhusu muda wa kuliacha wazi. Mafundi watafungua biashara ya kung'arisha ukingo wa tundu ili dola zipite bila msuguano. Na kisichotajwa kuwa marufuku, kwa upande wa fedha, huwa ni ruhusa; kanuni yenu mama imegeuzwa hapo tu, sijui kwa nini.

Kama bamba la pochi litawashinda, nina ombi la pili, nalo si langu. Limo huko huko kwenu, kwenye baadhi ya viwanja vya mbio za udongo ambako watu hawavai koti wakati wa kujadili kanuni. Mbio zikiisha, mshindani anaweza kuinunua injini ya mshindi kwa bei iliyotangazwa tangu mwanzo wa msimu, na mwenye injini hana ruhusa ya kukataa. Basi. Hamna bureti. Kama umetia ndani yake mara tano ya bei hiyo, hongera sana kwa ushindi, na kwaheri ya injini. Yule mwenye manifoldi aliyoiteua kati ya kumi atalazimika kuamua Ijumaa usiku, kabla hajaifunga, kama yuko tayari kuiona Jumapili jioni ikipandishwa kwenye trela la jirani.

Najua mtakalosema. Mtasema hawa ni marafiki, Jumamosi wanachoma nyama pamoja nyuma ya magari, na kulazimishana kuuziana injini kutaharibu urafiki. Hoja nzito. Ila marafiki hao hao mmewawekea dhamana ya kufunguliana injini, na nyama inaendelea kuchomwa. Mtasema pia kwamba mafundi wakubwa wa injini watakosa kazi. Hapana, watajifunza kujenga injini ya bei iliyotangazwa, jambo ambalo fundi wa Gerezani amelifanya tangu alipofungua karakana, kwa sababu wateja wake hawakuwahi kumpa bei nyingine. Mtasema mwisho kwamba darasa fulani la klabu yenu, Spec Racer Ford, tayari linatumia injini zilizofungwa lakiri, na huko nako watu wananong'ona kwamba lakiri ya fulani ina bahati kuliko ya fulani. Ni kweli. Lakini wananong'ona wakiwa wamebaki na hela ya matairi.

Sitegemei mbadilishe kitu msimu huu. Natambua kuna utaratibu: barua ipokewe, ipewe namba, ipelekwe kwa kamati ya ushauri, ishauriwe, irudi, wanachama waulizwe wanaonaje, waone vibaya, ikae. Nitasubiri. Na kama jibu litakuwa lile la siku zote, kwamba kanuni inatosha kama ilivyoandikwa, naomba safari hii mjaze na neno moja mlilolisahau tangu 1963: inamtosha nani.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ukaguzi,
Mtazamaji wa Jukwaa la Nje,
Dar es Salaam.