Yah: Ombi la Kufunguliwa Duka la Kubadilisha Alama

Kwa Waheshimiwa Wapanga Tahasusi, Wahesabu Pointi na Walinganisha Vyeti,
Ofisi zote zinazohusika, pamoja na zile zinazosema hazihusiki.

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, vijana waliomaliza kidato cha sita, wazazi na walezi wao, ambao humu wataitwa Waombaji, wanawasalimu na kuwapongeza kwa kazi nzuri mnayoendelea kuifanya. Waombaji walifundishwa kwamba barua isiyo na pongezi haijibiwi. Zenye pongezi nazo hazijajibiwa, lakini heshima ni kitu cha bure.

Barua hii inamhusu kijana mmoja mnayemfahamu vizuri, maana kila mwaka mnamhutubia. Ana miaka kumi na saba, matokeo ya kidato cha nne yametoka, na yuko kwenye banda la intaneti akihakiki machaguo yake ya kombi kwenye Selform. Redio inasema taifa linahitaji wahandisi. Mjomba anasema PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu, ndiyo kombi ya wenye akili. Mwalimu wa Fizikia, ambaye anafundisha Fizikia ya shule nzima peke yake, anasema usiogope, utakomaa hukohuko. Kijana anawaamini wote watatu, anabofya, analipa mia tano ya banda na kurudi nyumbani akiwa mhandisi.

Miaka miwili baadaye yuko maabara, karatasi ya Physics 3 mkononi. Mbele yake kuna waya uliochakaa juu ya ubao wa mita moja, seli mbili, na galvanometa yenye mshale uliozoea kulala upande wa kushoto. Anagusa waya kwenye sentimita 40, mshale haushtuki. Anasogea hadi 45; haushtuki. Anagonga seli kwa kidole, anarudi 40, na safari hii mshale unaruka mpaka mwisho na kugoma kurudi. Nje ya mlango kundi la pili linasubiri kuingia na kutumia vifaa hivyohivyo. Kijana anajaza jedwali kwa namba zinazofanana na za kwenye desa lake, anachora grafu iliyonyooka kuliko kitu chochote kilichomo maabara humo, na kutoka.

Julai inafika. Fizikia D, Kemia D, Hesabu E.

Hapa ndipo Waombaji wanapowashangaa, waheshimiwa, kwa heshima zote. Kwa Baraza la Mitihani, D ni pointi 4 na E ni pointi 5, na anayesifiwa ni mwenye pointi chache: jumla 13, Daraja la Tatu. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu, D ni pointi 2 na E ni pointi 1, na anayesifiwa ni mwenye pointi nyingi. A moja ni pointi 1 kwa Baraza na pointi 5 kwa Tume. Karatasi ni ileile, serikali ni ileile, na mzazi aliyeishia darasa la saba anatakiwa aelewe kwamba mwanawe ana pointi 13 ambazo ni nyingi mno na pointi 5 ambazo hazitoshi.

Hazitoshi kwa namna ya pekee. Sharti la chini la kuingia chuo kikuu ni prinsipo mbili, yaani alama za A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0, na masomo hayo mawili yawe ndiyo yanayohusiana na programu. Fizikia na Kemia zinampa 4.0 kamili. Lakini programu nyingi za uhandisi, ule wa redioni, zinatazama Fizikia na Hesabu, na mbili kujumlisha moja ni tatu. Hilo analijua, maana amekaa miaka miwili na Hesabu za Advance.

Chukueni pia mabinti wawili wa shule moja, mmoja EGM na mwenzake HGE. Uchumi wamesoma pamoja, Jiografia wamesoma pamoja, wamepiga msuli kwa taa moja. Somo la tatu ndilo lililowatenganisha: huyu Hesabu, yule Historia. Wote wanapata C ya Uchumi na C ya Jiografia. Wa Historia anapata B na kuwa na pointi 8, Daraja la Kwanza, anachinjiwa kuku. Wa Hesabu anapata E na kuwa na pointi 11, Daraja la Pili, anaulizwa alikuwa na nani jioni. Hakuna anayedai kwamba Historia ni mteremko. Aliyeandika insha ndefu za sababu za ukoloni mpaka kidole kikavimba hahitaji dharau ya mtu. Swali ni dogo zaidi: kama masomo yote yana uzito mmoja, kwa nini kila mwaka mnawabembeleza watoto wasome baadhi yake?

Mlimwambia kijana wa PCM kwamba taifa linamtegemea. Taifa halikumpa mwalimu wa Hesabu mpaka muhula wa mwisho. Halikumpa seli mpya. Lilimpa hotuba, kisha likamhesabia pointi moja. Aliyefanikiwa kwa kiwango cha juu mnapiga naye picha. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kuna hata Samia Scholarship kwa wanasayansi waliong'ara, na ni jambo jema. Aliyejaribu lililo gumu na kupata alama ya kawaida hamna habari naye. Hatari yote ya ushauri wenu ameibeba yeye, akiwa na miaka kumi na saba, na nyinyi hamkubeba hata nusu pointi. Huo ni utapeli, na waliotapeliwa ni watoto wa watu wasio na nauli ya kuja kuwauliza.

Waombaji wanaomba radhi. Aya hiyo iliandikwa kabla ya chai.

Kwingineko duniani jambo hili limewasumbua watu mpaka wakafanya kitu. Ireland, tangu 2012, humwongezea pointi 25 mwanafunzi anayefaulu Hesabu za ngazi ya juu katika mtihani wa kumaliza sekondari, na waliothubutu kuzifanya wakaongezeka sana. Wapo wanaolalamika kwamba sasa watoto wanasoma Hesabu kwa tamaa ya pointi, lalamiko ambalo Waombaji wangelipokea kwa mikono miwili. Australia huzipandisha na kuzishusha alama za kila somo kwa kuangalia uwezo wa kundi zima lililolisoma. Uganda, jirani kabisa, huzidisha alama: somo la lazima kwa kozi mara tatu, linalohusiana mara mbili, la nyongeza mara moja. Uingereza ina unafiki wa adabu zaidi: A ya somo lolote ni pointi 48 za UCAS, wanaopokea maombi ya vyuo, lakini mwaka 2011 vyuo vyake vikubwa vilitoa mwongozo wa masomo yanayofungua milango mingi, na mwaka 2018 msimamizi wa mitihani alipoulizwa kama sayansi zinasahihishwa kwa ukali kuliko masomo mengine, akapima ushahidi na kusema hatabadilisha kitu. Alikataa, lakini alikataa hadharani, na sababu akazitoa.

Waombaji hawaombi makubwa hayo. Wanajua bajeti. Wanaomba kitu kimoja tu: kila mkoa ufunguliwe Duka la Kubadilisha Alama.

Liwe kama maduka ya fedha za kigeni yalivyo. Kioo kinene, tundu dogo la kusemea, kiyoyozi upande wa karani tu, na ukutani ubao wa taa nyekundu wenye safu mbili: TUNANUNUA na TUNAUZA. Viwango vitangazwe kila asubuhi kabla ya duka kufunguliwa, maana kwa utaratibu wa sasa kijana huvijua Julai, akiwa ameshalipa kwa miaka miwili.

Sehemu ya juu ya ubao iwe ya fedha za ndani. Kwa mfano: Hesabu ya Advance, C moja, inanunuliwa kwa B moja ya somo lolote lisilo na logarithi. Fizikia D iliyopatikana kwenye shule yenye maabara, bei ya kawaida. Iliyopatikana kwenye shule ambayo maabara ni darasa lenye sinki lisilo na bomba, bei ya juu, kwa kuonyesha picha ya sinki. Chenji itolewe kwa S, ambayo kwa Tume ni nusu pointi na hivyo inafaa kabisa kuwa sarafu. General Studies ipokelewe kama peremende za dukani: haihesabiwi kwenye daraja, ila karani akikosa chenji utaondoka nayo.

Kuwe na dirisha la peke yake la noti za zamani. Mnajua karani anavyokunja uso akiona dola ya kabla ya 2006. Hapa noti zenye matatizo ni za 2014 na 2015, miaka ile mlipoleta B+ kisha mkaifuta. Kwa Tume, B ya 2013 ni pointi 4. B ya 2014 ni pointi 3. B ya 2016 ni pointi 4 tena. Mwenye B ya 2014 hakubadilika yeye, wala mtihani wake haukupungua kurasa. Alizaliwa tu mwaka uliomfikisha kidato cha sita mkiwa kwenye majaribio. Huyu apewe kiti, na maji ya kunywa, na karani mwenye sauti ya upole.

Sehemu ya chini iwe ya fedha za kigeni, na hapo ndipo duka litakapojaa. Kuna Mkenya mwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari uliofanyika mara ya kwanza 1989 baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza 1985. Kwao C+ inatosha kumfikisha chuo kikuu, bila kidato cha tano wala cha sita. Akivuka Namanga na cheti hichohicho anakuta watu wanaohesabu kwa vidole: saba, nne na mbili ni 13, nane na nne ni 12, mwaka mmoja umeuacha wapi? Kuna mtoto wa shule ya kimataifa mwenye IB, yenye jumla ya pointi 45 na masomo ya ngazi ya juu na ya kawaida ndani ya cheti kimoja. Kuna mwenye A-level ya Cambridge, ambaye anasadiki kwamba jina la cheti linajieleza. Kuna mwenye stashahada ya ufundi, anayetakiwa kuwa na GPA ya 3.0, na kuna wa Foundation ya Chuo Kikuu Huria, naye GPA ya 3.0, wakitazamana kila mmoja akijiuliza ya mwenzake ilipatikanaje. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017, Dar es Salaam hapahapa, kwamba jumuiya yote ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo libandikwe juu ya mlango, kwa maandishi makubwa, mahali ambapo walio kwenye foleni wataweza kulisoma taratibu.

Nje waruhusiwe vijana wawili wa kunong'ona: "Mkubwa, una PCB? Nina reti nzuri kuliko ya ndani." Leseni ishughulikiwe mapema, kwani Waombaji wanakumbuka msako wa leseni ulioyakuta maduka ya fedha ya Arusha Novemba 2018. Na karani akiulizwa kwa nini Hesabu imeshuka leo, aruhusiwe kujibu "ni soko." Hata hilo litakuwa jibu.

Maombi mengine ni madogo. Kila anayetoa hotuba ya kuhimiza sayansi ataje kwanza kombi yake na alama alizopata. Baraza na Tume wakutane walau mara moja, hata kwa simu, wakubaliane kama pointi ni kitu kizuri au kibaya. Mwaka 2024 mlitangaza tahasusi 65, kati yake 49 mpya, zikiwemo za michezo, sanaa na dini. Mshukuriwe, na sasa mtangaze na walimu wake. Galvanometa moja.

Mtasema utaratibu upo, na mwenye malalamiko afuate ngazi. Waombaji wamezifuata. Ngazi ya kwanza ilisema suala ni la chuo. Chuo kikasema suala ni la mwongozo. Mwongozo ulipofunguliwa ulikuwa wa mwaka jana.

Kwa taarifa yenu, mhandisi wa redioni ameshaondoka kwenye foleni. Amepata nafasi ya kozi inayokubali Fizikia na Kemia, na hajui bado inafundisha nini. Mdogo wake wa kike amemaliza kidato cha nne akiwa na A ya Hesabu na B ya Fizikia. Kikao cha familia kilikaa Jumapili, kaka mtu akiwa mshauri mkuu. Binti amejaza HGL: Historia, Jiografia na Kiingereza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Waombaji

Nakala:
Mjomba
Mwalimu wa Fizikia (kama bado hajahamishwa)
Jalada