Shemeji na Ekseli ya Mbele

Shemeji yangu wa Arusha ana Land Cruiser HZJ79, pikapu, na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni ekseli ya mbele: tairi moja likipanda kichuguu, la pili sharti lishuke shimoni, likanyage chini. La kwake lilikuwa linabaki juu, linazunguka bure kama feni ya saluni.

Toyota walipoziondoa springi za vyuma vilivyopangana huko mbele mwaka 1999 na kuweka koili, wengi walidhani wamepewa ulaini wa bure. Wapi! Ekseli hiyo imeshikwa na mikono miwili, kila mmoja umefungwa kwenye ekseli kwa bushi mbili. Tairi moja likipanda na jingine likishuka, mikono inagoma, na kinacholegea kidogo ni mpira wa bushi tu.

Shemeji aliposikia neno "bushi" alikwenda kununua za polyurethane, nyekundu, ngumu kuliko za mpira. Akaongeza springi za kubebea mizigo mizito, ingawa mzigo wake mkubwa ni mimi. Pesa yote hiyo, na gari likazidi kukakamaa.

Fundi wetu, mzee wa maneno machache, aliingia uvunguni na spana, akafungua linki za stabilaiza, akaifunga stabilaiza yenyewe juu kwa waya.

"Bosi, hii inazuia gari lisilale kwenye kona. Porini inazuia tairi lisishuke."

Akarudisha na bushi za mpira. Shokapu ndefu Shemeji alizitaka mwenyewe. Fundi alipotaja mipira ya breki, aliambiwa tutaiona mwezi ujao.

Kwenye korongo la upande wa Monduli, tairi la kushoto lilishuka, likashuka, mpaka likagusa mchanga.

"Shemeji, piga picha!"

Nikapiga. Ukiikuza picha hiyo utauona mpira wa breki umenyooka kama rula, unaomba msamaha. Haukusamehewa. Oili ya breki ikamwagika mchangani, kanyagio likazama karibu na sakafu, tukabaki na breki za nyuma peke yake. Tulirudi kwa gia namba moja. Meserani tulipitwa na punda waliobeba madumu ya maji, na mwenye punda akatusalimia kwa huruma ambayo Shemeji hajaisahau.

Nyumbani dada aliitazama picha kwa makini. "Hili tairi limechomoka?"

Wewe mwenye gari la namna hiyo, kabla ya kununua chochote fungua hizo linki kwanza, maana ni kazi ya spana tu. Kisha inua chasisi kwa jeki, magurudumu yaning'inie, uangalie kama mipira ya breki inafika na koili hazichomoki kwenye vikombe vyake. Ukirudi lami, funga linki. Na fundi akikutajia mipira ya breki, ilipie siku hiyo hiyo.