Sifa za Kadi ya Matundu

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wazee waliolea kompyuta za kwanza za biashara kule Marekani wakikutana, huilaani kadi ya matundu kwa zamu, kisha wote hutabasamu kama waliotajiwa mchumba wa ujanani. Mimi naisifu bila haya.

Ni karatasi ngumu isiyofika sentimita 19, pembe moja imekatwa. IBM iliipa safu 80 mwaka 1928, kila safu herufi moja. Jina la mteja, namba yake, deni lake na tarehe vienee humo, au vibaki nje. Nani leo ana ubavu wa kumwambia mhasibu hivyo? Picha moja ya simu, ya megabaiti tatu, ingekula kadi 37,500, karibu masanduku 19 ya kadi elfu mbili mbili. Tungefikiri mara ngapi kabla ya kupiga picha sahani ya pilau!

Kompyuta yenyewe ilikuwa na adabu hiyo hiyo. IBM 1401 ilitangazwa mwaka 1959, na ile ya chini kabisa ilibeba herufi 1,400 tu kichwani. Humo ilijibana programu ya mishahara pamoja na mfanyakazi mmoja. Akishalipwa, atoke, aingie mwingine. Sijaona foleni ya mishahara iliyonyooka kama hiyo.

Na subira je? Mtu anashuka ngazi amekumbatia kadi 2,000, kazi ya miezi, mguu unateleza. Walioumwa na nyoka huyo walichora mstari wa mshazari ubavuni mwa rundo, ili kadi iliyohama ionekane mara moja. Iliyogeuka nayo ilisutwa na pembe yake. Waangalifu zaidi walitoboa namba za mpangilio katika safu 73 hadi 80. Zikimwagika, unazipeleka kwenye mashine ya kuchambua, isomayo safu moja tu kwa mkupuo. Unaanza na tarakimu ya mwisho, unakusanya, unarudia. Safu nane, mara nane. Wapo waliotoka chumba kile wacha Mungu kuliko walivyoingia.

Maadui zake hukimbilia kutaja mwaka 2000. Ni kweli, katika kubania nafasi watu walizoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili, waokoe safu mbili kwa kila tarehe, na mazoea hayo yakahamia kwenye tepu na diski kadi zilipostaafu. Lakini tazameni wema wake! Karne ilipokaribia kugeuka, ofisi zikaingiwa na kiwewe kwamba mashine zitadhani karne ile ile imeanza upya, na wazee waliokwisha kuagwa kwa keki na saa ya ukutani wakaitwa tena, wakabembelezwa, wakalipwa kuliko walivyolipwa ujanani. Kubania safu mbili kumbe kulikuwa kuwawekea akiba. Pensheni gani inazaa hivyo?

Ninayo kadi moja, nashikia ukurasa wa kitabu. Jana niliielekeza dirishani nikaanza kuisoma. Jina la mtu silimalizi, deni ni dogo, tarehe ina safu sita. Katika mbili za mwisho, tundu moja liko kwenye 6, lingine kwenye 5. Mwaka 65. Wa karne gani, haisemi.