Heko kwa Programu Isiyofutika

Simu mpya inapotolewa kwenye boksi dukani Tabora, nailoni ya kioo haijabanduliwa, ndani tayari kuna wakazi. Kuna kivinjari cha pili, habari za umbea, michezo ya kupasua peremende, programu ya kusafisha simu na nyingine ya kusafisha uso wa anayejipiga picha. Mnunuzi hakumwalika hata mmoja. Akishikilia kidole juu ya picha ya programu hizo, kama afanyavyo kwa zile alizojipakulia mwenyewe, neno la kuondoa halitokei. Au linatokea limefifia, halibonyezeki. Wengi hununa, wakaendelea na maisha. Makala haya hayanuni. Programu isiyofutika imetukanwa vya kutosha katika vibanda vya mafundi simu, na ni haki nayo ipate wa kuisifu, japo mara moja.

Mji wa kuisifia ni Tabora, kwa sababu Tabora ndiyo iliyoendekeza tabia mbaya ya kufungua mizigo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilisimama hapa Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Wapagazi wa kutoka pwani walilipwa wakaachwa, wapya wakaandikwa, mizigo ikafunguliwa, ikahesabiwa na kufungwa upya. Kazi hiyo haikuwa ya haraka. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliingia Kazeh, humuhumu Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857, wakakaa zaidi ya mwezi mmoja. Livingstone, baada ya kuagana na Stanley tarehe 14 Machi 1872, alibaki katika tembe la Kwihara, jirani na hapa, akisubiri wapagazi kutoka pwani, na hakuondoka hadi tarehe 25 Agosti.

Walichagua sana, watu wale. Stanley, aliyenunua bidhaa zake Unguja mwanzoni mwa 1871, ameeleza jinsi shanga zilivyomuumiza kichwa: nyeusi zilikuwa fedha Ugogo na takataka kwingineko, nyekundu zilipokelewa huku zikakataliwa kule, na zile zilizopendwa Ujiji hazikununua kitu njiani. Mkuu wa msafara aliyekosea kuchagua alibebesha watu wake uzito ambao usingewapatia hata yai.

Mpagazi wa Kinyamwezi naye alikuwa na kasoro ya aina hiyo. Alibeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na vitu vyake mwenyewe, na akizidishiwa, alitua. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi hao, ameonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wenye desturi zao za kazi: walijadiliana ujira na posho, waligoma, na walipodhulumiwa walitoroka. (Njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na hao hawaingizwi katika utani wa makala haya.) Programu isiyofutika imekuja kurekebisha ukaidi huo wa kizazi na kizazi. Inamfundisha kitukuu wa mpagazi kubeba asichokichagua, kwa uzito asioambiwa, hadi siku simu itakapokufa.

Sifa yake kuu ni uaminifu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu jembe halimfikii, na sababu ni ya kiufundi. Katika Android, programu za kiwandani kwa kawaida hukaa katika sehemu ya hifadhi iliyotengewa mfumo, sehemu ambayo simu inaisoma tu wala mwenye simu haruhusiwi kuigusa. Akienda kwenye Mipangilio akabonyeza “Zima”, programu inalala: picha yake inatoweka, masasisho yake yanaondolewa, mwili unabaki palepale. Fundi mwenye kompyuta na waya wa USB anaweza kuiondoa kwa amri, na mteja akaambiwa imefutwa. Haijafutwa. Imeondolewa kwa mtumiaji huyo tu, na siku simu itakaporudishwa katika hali ya kiwandani itaamka ikiwa na afya tele. Namba za ndugu zimepotea, picha za harusi zimepotea, ujumbe wa marehemu baba umepotea. Programu ya kupamba kioo ipo.

Wanaoilaumu husema inakula nafasi, na hapo yafaa waelezwe vizuri. Hata ingefutwa kweli, nafasi ile isingemrudia mwenye simu moja kwa moja, maana sehemu ya mfumo ina ukuta wake. Kinachomla ni masasisho na data, ambavyo hurundikana upande wake kila mwezi na kunyonya bando lake njiani. Ndiyo maana mwenye simu ya GB 16 hujikuta akifuta video ya ubatizo wa mwanawe ili programu ya hali ya hewa, ambayo hakuiomba, ipate kujisasisha. Siku hizi watengenezaji huziweka baadhi yake upande wa mtumiaji, na hizo hufutika kwa kidole kimoja. Hao ni dhaifu wa ukoo. Sifa hizi haziwahusu.

Tena ni mlipaji mzuri, ila hamlipi mwenye nyumba. Watemi wa Ugogo walitoza misafara hongo ya vitambaa na shanga kwa kupita katika ardhi yao na kuchota maji yao, na wasafiri walilalamika sana vitabuni. Hata hivyo hesabu yao ilieleweka. Aliyepita alilipa, mwenye ardhi akapokea. Katika simu, mwenye programu humlipa mtengenezaji wa simu ili apewe nafasi. Mwenye simu, aliyeinunua ardhi yote kwa pesa taslimu, hapati hata upande wa kaniki. Na si malipo ya senti. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilibainika mwaka 2023 kwamba kampuni hiyo, kwa mwaka 2021 peke yake, ililipa dola bilioni 26.3 ili huduma yake ya kutafuta iwe chaguo la kwanza katika simu na vivinjari. Hiyo ni bei ya kukaa mlangoni tu, mahali ambapo mtu akitaka anaweza kubadilisha.

Watetezi wa dhati, wasio na mzaha, hujibu kwamba malipo hayo hushusha bei ya simu. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Faida katika simu ya bei nafuu ni nyembamba, na mkulima wa tumbaku anayeachana na kitochi kwa mara ya kwanza anaona tofauti ya shilingi elfu kumi. Lakini punguzo ambalo halimo kwenye risiti ni vigumu kulishukuru. Muuzaji haandiki popote kwamba simu hii ingekuwa ya bei fulani bila wapangaji, na ni ya bei fulani pamoja nao.

Ipo sifa moja isiyo ya utani. Boomplay, programu ya muziki, ilizaliwa mwaka 2015 ndani ya simu za Tecno, chapa ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen inayotengeneza pia itel na Infinix. Iliingia mifukoni mwa watu bila kupigiwa kura, na wasanii wa Bongo Fleva wakapata kwa mkupuo sokoni mwao wenyewe wasikilizaji ambao pengine wasingepakua programu yoyote ya muziki, kwa jinsi bando lilivyo. Kuna waliozoeshwa kusikiliza muziki kihalali na kitu walichokikuta tu. Na nani aliyewahi kulalamikia nyoka wa Nokia? Alikuja na simu tangu 1997, hakufutika, akapendwa. Tofauti ni kwamba nyoka yule hakutumia bando, hakuomba kuona namba za watu, wala hakuwa na habari ya mtu yeyote.

Bidii yake nayo ni ya kutajwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Programu hii ilianza kutia maji kabla ya kusifiwa. Agosti 2020 kampuni ya usalama wa simu ya Upstream ilieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia, Ghana, Misri, Kamerun na Afrika Kusini, zilifika kwa wanunuzi zikiwa na programu haribifu za Triada na xHelper, ambazo zilijaribu kuwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia bila wao kujua. Upstream ilihesabu miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000. Transsion ilisema tatizo lilitokana na mgavi mmoja katika mnyororo wa ugavi, na kwamba ilikuwa imetoa marekebisho. Hata hivyo ni lini mtumishi aliwahi kumnunulia bwana wake huduma usiku wa manane, kwa salio la bwana mwenyewe, bila kutaka shukrani?

Haishangazi kwamba serikali nazo zimeipenda. Urusi iliamuru tangu 1 Aprili 2021 simu zote zinazouzwa nchini humo ziwe na programu za Kirusi. India ilifuata mwishoni mwa Novemba 2025, ikiagiza watengenezaji waweke programu ya serikali iitwayo Sanchar Saathi isiyoweza kuzimwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa njema, kupambana na wizi wa simu na utapeli. Wananchi hawakuelewa wema huo, wakapiga kelele, na siku chache baadaye, tarehe 3 Desemba, agizo likaondolewa.

India haiko peke yake katika kukosa shukrani. Korea Kusini, nchi ya Samsung yenyewe, iliweka mwongozo mwaka 2014 wa kuwaruhusu wanunuzi kufuta programu zisizo za lazima. Januari 2020 mashirika zaidi ya 50 yakiongozwa na Privacy International yaliiandikia Google barua ya wazi yakidai kila mwenye simu aweze kuondoa kabisa programu za kiwandani. Kisha ikaja sheria ya Umoja wa Ulaya ya masoko ya kidijitali, ambayo tangu 7 Machi 2024 inazitaka kampuni kubwa zirahisishe kufuta programu yoyote, isipokuwa ile ambayo bila hiyo simu haifanyi kazi. Agosti mwaka huo Apple ilitangaza kwamba Wazungu wa huko wataweza kufuta hata duka lake la programu, Safari, Kamera, Picha na Ujumbe. Zitakazobaki ni mbili tu, Mipangilio na Simu.

Mbili. Miaka yote watengenezaji walikuwa wakisema mfumo utaanguka. Kumbe kilicho cha lazima ni mahali pa kurekebishia simu na mahali pa kupigia simu, na kilichobaki kilikuwa biashara. Hapa msifu analazimika kuvua kofia ya mzaha kidogo: mpaka huo wa Ulaya ni wa haki, na hauna ugumu wowote wa kiufundi kwa mtu wa Nzega au Urambo ambao mtu wa Lisbon hana. Simu ni zilezile, na mara nyingi kiwanda ni kilekile.

Kwamba kitu ni kizuri si sababu ya kumbebesha mtu asichokiomba. Septemba 2014 Apple iliwapa wateja wa iTunes wapatao milioni 500 albamu nzima ya bendi ya U2, bure, ikajitokeza yenyewe katika maktaba zao za muziki. Ilikuwa zawadi, na bendi ni maarufu. Watu walikasirika hivi kwamba ndani ya wiki moja Apple ililazimika kutengeneza ukurasa maalumu wa kuiondoa, na mwimbaji Bono akaomba radhi. Kama U2 hawakuvumilika kwa wiki, mchezo wa kupasua peremende una ujasiri wa pekee kukaa miaka minne.

Tanzania haikosi nguvu ya kuzungumza na watengenezaji wa simu. Usiku wa 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na soko likanyooka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazungumzia ridhaa ya mwenye taarifa. Ridhaa ya mtu aliyekuta programu imeshaingia, imeshawashwa na haitoki ni ya namna gani, hilo ni swali ambalo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Tume ya Ushindani zingeweza kuulizwa hata kesho, na mwananchi yeyote ana haki ya kuliuliza kwa barua.

Wakati barua inasafiri, anayekwenda kununua simu sokoni Tabora, au popote reli ya kati inapopita, amwombe muuzaji afungue Mipangilio, kisha Hifadhi, kabla pesa haijatoka mfukoni. Asome nafasi iliyobaki. Ile iliyoandikwa kwenye boksi si yake yote. Halafu achague programu tatu asizozihitaji ajaribu kuziondoa palepale kaunta, muuzaji akishuhudia. Zikigoma kutoka, adai bei ishuke.